Mstari Usiotaka Kushuka

Kila Jumatano baada ya vipindi, Sekela na rafiki yake Tayyaba walishika zamu kwenye kompyuta moja ya shule yao, kule Chang'ombe. Ijumaa wangewaonyesha wazazi namna ya kuiamrisha kompyuta kwa kuandika tu, katika dirisha jeusi linalofunguka kwenye skrini. Tayyaba alikwisha kumwalika bibi yake.

Jumatano hiyo Sekela alikunja uso kama aliyelamba shubiri. Kila alipoandika amri ndefu, maneno yalifika ukingoni yakakataa kushuka mstari wa pili. Yalirudi mwanzoni, yakawakalia wenzao vichwani.

"Tayyaba, umeifanya nini mashine?"

"Mie? Sijaigusa; hata jana nilikuwa kitandani na homa."

"Muongo. Vidole vinakuwasha siku zote."

Tayyaba alivimba kama andazi. "Endelea. Niite na mwizi wa kuku."

Sekela akaondoka kwa kishindo mpaka kwa Mwalimu Felicitas. "Shikamoo, Mwalimu. Tayyaba kaharibu kompyuta. Ijumaa nisimame peke yangu."

"Marahaba. Twende tukaione."

Tayyaba alikuwa na machozi, lakini ya hasira. Mwalimu akaandika amri ndefu. Maneno yakapandana vilevile.

"Nani kagusa mipangilio?"

"Si mie," Sekela akajibu, akiitazama dari.

"Na hili jina SEKELA, la rangi ya waridi, mwanzo wa kila mstari? Limejiandika?"

Sekela akainamisha kichwa. "Niliingia jana peke yangu nikapamba tu, Mwalimu. Pambo haliharibu kitu."

"Limeharibu. Kompyuta huhesabu herufi ijue mstari unaishia wapi. Alama za kuleta rangi hazionekani, ila yenyewe imezihesabu kama herufi. Hesabu ikapotea."

Akafungua faili la mipangilio, akazizungushia zile alama mabano maalumu ya kuiambia kompyuta isizihesabu. Akafungua dirisha upya. Sekela akaandika, maneno yakafika ukingoni, yakashuka kwa adabu.

"Nisamehe, Tayyaba," akasema, sauti ndogo kama ya mbu.

"Nimesikia. Ila Ijumaa amri ndefu naandika mie. Wewe utamshikia bibi mkoba."

Sekela alitaka kubisha, akameza mate. "Na rangi niifute, Mwalimu?"

"Iache," Mwalimu akasema, hana hata tabasamu. "Kukosea hakukunikasirisha, kumvisha mwenzio kosa lako ndiko kumenikasirisha. Kila ukiiona hiyo rangi, kumbuka: kabla hujamnyooshea mtu kidole, kiulize kwanza hicho kidole jana kiligusa nini."