Mshumaa wa Majaribio

Binti yangu Gaudensia aliniapisha nisimwambie mtu, basi na nyinyi mnyamaze.

Huko Gitega alipewa kazi ya kujaribu programu ya simu inayouza mishumaa ya marehemu: unalipa, unaandika jina, mshumaa unawaka kwenye kioo. Malipo ya majaribio hayakati hela, lakini jina lilitakiwa. Akaandika la mama mkwe wake Paskazia, mzima kabisa kule Muyinga.

“Nilicheka nikiliandika, mama,” ananililia sasa.

Mara umeme ukakatika. Gizani ukabaki mshumaa ule tu, anaubonyeza hauzimiki. Simu ikaita: Paskazia.

“Mwanangu, mmetuma watu huku? Wanachimba nyuma ya migomba, na mi siwaoni.”

Gaudensia akalisikia simuni jembe likikwaruza mawe, polepole.