Jeshi Lililoona Kwenye Ukungu

Soko la Mpanda lilikuwa limefurika wauza mchele siku Emelyne alipokanyagwa mguu na kijana aliyetembea huku macho yamezama kwenye simu. Emelyne, msusi aliyevaa gauni la kitenge cha njano, hakungoja kuombwa radhi.

"Kaka, hiyo simu ndiyo inakuonyesha njia?"

"Nisamehe, dada. Nimevamiwa ngome yangu."

Emelyne akachungulia. Ulikuwa mchezo uleule anaoucheza yeye, wa majeshi na ngome. Jeshi la adui hufunikwa na ukungu, hulioni mpaka utume mpelelezi.

"Rudisha wapanda farasi nyuma ya mto."

Kijana akarudisha, akashinda. Ndipo akamtazama vizuri. "Naitwa Luhende. Na wewe, jemadari?"

Luhende alikuwa fundi pikipiki. Akamwingiza kwenye timu yao, iliyoongozwa na Manyanda, kaka yake aliyemlea tangu wazazi wafariki. Jioni walicheza, na wakimaliza simu haikukatika.

"Umekula, jemadari wangu?"

"Nimekula. Acha kunibembeleza, kesho nitashindwa kusuka."

"Mimi umeshanisuka, mama. Sifumuki."

Kasheshe ikaja timu ilipobakiza mechi moja kuingia fainali ya mashindano ya mchezo huo. Emelyne alipenda kuangalia upya mechi zilizorekodiwa. Akaona jeshi la Manyanda likigeukia moja kwa moja pale adui alipojificha, wala hakuna mpelelezi aliyetumwa. Akaangalia mechi nyingine, mambo yaleyale. Manyanda alikuwa na programu ya wizi inayoondoa ukungu.

Akamfuata dukani kwake.

"Shemeji, toa hiyo programu, la sivyo naripoti."

Manyanda akacheka. "Mrundi uliyekuja juzi, unifundishe mimi?"

"Wazazi wangu ndio waliotoka Burundi. Mimi nimezaliwa Katumba, hapahapa Mpanda." Emelyne akabonyeza kitufe cha kuripoti mbele ya macho yake, akaambatanisha zile rekodi.

Wenye mchezo wakaifungia akaunti ya Manyanda. Timu nzima ikatolewa. Luhende akapiga simu.

"Umemripoti kaka yangu kwa siri ili uwe nahodha?"

"Nilimwambia usoni. Muulize vizuri."

"Waandikie kwamba ulikosea, Emelyne. Yule ndiye aliyenilea."

"Siandiki. Nakupenda, lakini siandiki."

Simu ikakatwa.

Kwenye kundi la WhatsApp la timu wakamwita msaliti, Luhende akiwa kimya, kisha wakamtoa. Emelyne alilia bafuni, akanawa uso, akarudi saluni. Akawafundisha mchezo wateja wake, Fausta na Theopista, wakaunda timu yao wenyewe. Wanaume wakawacheka. Wakapigwa mechi ya kwanza, wakapigwa ya pili, wakaendelea kucheza.

Mchana mmoja Luhende akaingia saluni na ovaroli lake limelowa oili.

"Nimeziangalia zile mechi mwenyewe," alimnong'oneza Emelyne. "Ulisema kweli. Nisamehe, mpenzi."

"Nilitukanwa mbele ya watu na wewe ukanyamaza. Leo unaniomba msamaha sikioni?"

Luhende akatoa simu, akarekodi ujumbe wa sauti wa kundi lote, palepale: "Ni Luhende. Kaka alicheza wizi, na Emelyne alimwambia usoni kabla ya kuripoti. Anayemwita msaliti, aniite na mimi."

Haukupita muda Manyanda akapiga. Luhende akaweka sauti ya nje.

"Unanivua nguo kwa ajili ya mwanamke?"

"Kaka, wewe ndiye uliyenichapa nilipoiba mahindi ya jirani. Sijasahau." Akamtazama Emelyne. "Nataka kwenda Katumba kuposa. Ningependa uniongoze wewe. Usipotaka, nitakwenda peke yangu."

"Na mimi bado sijaulizwa," Emelyne akasema, mikono ikiwa kichwani kwa Fausta.

"Jemadari, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali." Akaisogelea simu. "Shemeji, karibu nyumbani. Lakini ripoti siifuti."

Manyanda akakohoa.

"Sijasema uifute," akajibu. "Baba yako anapenda asali? Siwezi kuongoza posa mikono mitupu."