Hasi Kwenye Majibu ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Profesa alimsomea baba yake chochote chenye maandishi: boksi la misumari, kopo la gundi, hata gazeti lililofungiwa msasa. Profesa lilikuwa jina la utani tu. Mwenyewe alikuwa binti wa darasa la sita. Baba, fundi seremala, hakujua kusoma, lakini aliweza kupima ubao kwa jicho moja, tena huku anapiga chafya.

Mwaka mzima baba alikuwa na kidonda kwenye muundi wa mguu, pale alipochomwa na kibanzi cha mbao. Hospitalini walimkata kipande cha ngozi ili kipimwe. Baba akatangaza mtaani, "Wamenikata kinyama!" Nusura majirani wabebe marungu kumtafuta daktari, mpaka alipowaeleza kwamba kinyama chenyewe kilikuwa kama punje ya mchele.

Siku ya majibu hakuna aliyecheka. Karani wa maabara aliwapa bahasha. "Mpeni daktari bingwa wa ngozi, mlango namba nne." Bingwa huyo alikuja mara moja tu kwa mwezi, na benchi lilikuwa limejaa.

"Fungua unisomee," baba alinong'ona.

"Baba, amesema tumpe daktari."

"Mguu ni wa nani? Wangu au wa karani?"

Profesa akafungua. Maneno mengine yalikuwa marefu kama treni, lakini mstari mmoja ulisomeka: "Seli za saratani: hasi. Kuvu: chanya."

Hasi aliijua kutoka somo la hesabu: chini ya sifuri. Saratani iliyofika chini ya sifuri!

"Wanasemaje?"

Profesa hakujua. Lakini mtu anayeitwa Profesa atasemaje hajui?

"Ni saratani, Baba. Tena... imezama chini kabisa."

Baba alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Twende nyumbani, Profesa."

"Na daktari?"

"Ataniambia nini kipya? Nina kabati la watu halijaisha. Randa nitampa baba yako mdogo. Na mama yako usimwambie kitu leo."

Akaanza kuchechemea kuelekea getini.

"Namba kumi na tisa!" muuguzi aliita mlangoni. Ilikuwa namba yao. "Kumi na tisa! Nikiita tena kimya, naruka!"

Profesa alimkimbilia baba, akamshika shati. "Baba, nimekudanganya! Sijui hasi hapo maana yake nini. Nimekisia tu!"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akaguna, "Makubwa! Profesa wa kukisia!"

Baba aligeukia mlango namba nne. Kisha akapaza sauti, "Kumi na tisa tupo! Usituruke!"

Ndani, daktari, mama wa makamo, alisoma karatasi, akakikagua kidonda, akasoma tena. Baba aliishika meza kama anayetaka kuing'oa miguu.

"Nani aliwasomea hii?"

"Mimi, daktari," Profesa alisema. "Hasi si chini ya sifuri?"

"Kwenye hesabu, ndiyo. Hapa hasi ni kwamba tumetafuta saratani, hatukuiona. Chanya ni kwamba kuvu, yaani fangasi, tumewaona. Hukaa kwenye mbao na udongo. Waliingia na kile kibanzi. Fundi, utameza vidonge miezi kadhaa, bila kuruka hata siku moja. Ungeondoka leo, kidonda kingeendelea kukutafuna mguu."

Baba alishusha pumzi hadi karatasi zikapeperuka mezani. "Kumbe nilikuwa nakufa kwa hesabu!"

Daktari alicheka, kisha akamgeukia Profesa. "Hata mimi, mwanangu, nilipokiona kidonda hiki mara ya kwanza sikukijua. Ndiyo maana tulikata, tukapima. Kutojua si aibu. Aibu ni kumpa mtu jibu ambalo huna. Ulipokubali kwamba hujui, ndipo ulipomsaidia baba yako. Siku nyingine, ukikwama, uliza."

Profesa aliinamia karatasi, akaweka kidole juu ya neno refu kuliko yote.

"Na hili, daktari, maana yake nini?"