Neno Lisilo Kwenye Orodha

Siku ya gulio mjini Lushoto, mbele ya wauza peasi, Raheli aligongana na kijana mmoja mrefu aliyevaa sweta ya kijani. Mkoba ukamponyoka, sidii zikatawanyika kwenye tope.

"Pole, dada. Ni za muziki hizi?" kijana aliuliza, akiinama kuziokota.

"Za masomo," Raheli alijibu huku akiangalia chini. "Nafanya kazi kituo cha walimu."

"Basi nimeokoa safari ya kwenda huko. Mimi ni Tobia, mwalimu wa Mlalo. Nimeleta masomo niliyorekodi." Akampa bahasha ya sidii zake, kisha akaifuta moja ya zilizoanguka kwa sweta yake. "Hii ikigoma kucheza, uniite mimi, usiite fundi."

Raheli alicheka kidogo, akaficha uso kwenye ncha ya kitenge chake.

Kazi yake kituoni ilikuwa kusikiliza kila somo, kisha kuliandikia kwenye kompyuta somo gani, darasa gani, mada gani. Maneno ya mada hayakuwa ya kujitungia. Yalitoka kwenye orodha ya istilahi iliyobandikwa ukutani, ili mwalimu wa Mtae na wa Bumbuli wakitafuta kwa neno lile lile wapate kitu kile kile. Raheli aliifuata orodha hiyo kama amri za kanisani.

Mpaka alipoweka masomo ya Tobia masikioni. Nje ukungu ulikuwa umeufunika mji, na sauti ile ilikuwa inaeleza taratibu, somo baada ya somo, jinsi mvua inavyokokota udongo wa miteremko. Mahali pa mada ya kila somo, badala ya mmomonyoko wa udongo, vidole vyake viliandika: sauti inayonituliza. Alitaka kuyapata upesi akihitaji kusikiliza tena. Nitabadilisha kesho, alijiambia.

Kesho ikaja na simu ya Tobia.

"Umekula, mama wa kompyuta?"

"Nimekula makande. Na wewe?"

"Mimi nakula vocha. Kila nikikusikia, salio linakata."

Miezi ikapita hivyo. Tobia akaanza kusema kwamba wazee wake watakwenda kwa wazazi wa Raheli kupeleka posa. Neno la mada likabaki pale pale.

Siku ya kuwaonyesha walimu wakuu jinsi masomo yanavyotafutwa kwenye kompyuta, chumba kilijaa. Tobia, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi, aliandika mbele yao: mmomonyoko wa udongo. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Akaandika tena. Hakuna.

"Mwalimu, labda somo lenyewe limesombwa na mvua," mmoja alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mzee Sefania, mkuu wa kituo, alimgeukia Raheli. "Binti, huyu alileta masomo au hakuleta?"

Kusema alileta ilikuwa kuulizwa yako wapi. Raheli aliangalia viatu vyake, akanyamaza. Tobia alimtazama kwa muda, akachukua koti lake, akatoka.

Jioni Raheli alipiga simu mara nyingi. Hatimaye Tobia alipokea.

"Uliniambia umeyaweka. Ulinidanganya?"

"Hapana. Kompyuta ili..." Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi kabisa. Raheli aliumeza. "Kosa ni langu. Njoo, tafadhali. Sitaweza kukueleza kwenye simu."

"Walinicheka, Raheli. Na wewe ulikuwepo."

"Najua. Njoo."

Tobia alikuja Jumamosi, amevaa sweta yake ya kijani, bila kutabasamu. Raheli alimkalisha mbele ya kompyuta, yeye akabaki amesimama nyuma ya kiti ili uso wake usionekane.

"Andika hapo: sauti inayonituliza."

"Ni mada gani hiyo?"

"Andika tu."

Masomo yake yote yakajipanga kwenye kioo, moja chini ya jingine. Tobia aliyasoma, akarudia kuyasoma. Akajikuna shingo.

"Hili neno liko kwenye orodha yenu?"

"Haliko."

"Sasa mwalimu wa Mtae angenipataje?"

"Asingekupata. Nilikuweka mahali ninapopajua mimi peke yangu." "Nikaona haya kusema, nikakuacha uaibike badala yangu."

Mvua ilianza kugonga bati. Raheli alinyoosha mkono, akafuta maneno yale, akaandika mmomonyoko wa udongo kwenye kila somo, polepole, machozi yakimtoka.

"Jumatatu walimu wakuu wanarudi," alisema. "Nitasimama niwaambie ulileta, na mimi ndiye niliyekosea."

"Watakuuliza uliandika nini."

"Nitawaambia."

"Mbele ya Mzee Sefania?"

"Mbele yake." Masikio yalimwaka moto, lakini hakuinamisha kichwa.

Tobia aligeuza kiti, kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni.

"Basi nitakuja na wazee wangu," alisema. "Tutakaa kiti cha mbele tukusikilize. Wakishasikia, tutatoka hapo twende moja kwa moja kwenu."