Sahani Isirudi Tupu

Siwema alipangusa mikono kwenye kanga, akagusa ukuta wa jikoni kwa kiganja, na ukuta ukaanza kuyeyuka. Haukubomoka, wala haukufunguka kama mlango. Saruji ilififia taratibu, kama ukungu jua linapopanda, na nyuma yake yakatokea majiko mawili ya watu wengine, yakaungana na la kwake hata usione mpaka. Kulia alikuwa Bi Havijawa, anachambua mchele kwenye ungo. Kushoto alikuwa Nyamizi, mtoto mgongoni, anakoroga sufuria kubwa iliyokuwa ikitoa mvuke.

"Shikamoo, Bibi. Mama Limi, umeamkaje?"

"Marahaba, Mama Tunu," alijibu Bi Havijawa. "Mimi nimeamka, magoti ndiyo bado yamelala."

"Nimeamka salama," alisema Nyamizi.

Huo ndio ulioitwa ukuta-mwenza, na kila nyumba katika minara ya Tabora ilikuwa nao. Joto la nje lilikuwa limezidi, watu hawakutoka mchana. Chakula, dawa na nguo vililetwa mlangoni na tarishi, mashine ndogo ya magurudumu yenye kifua kama kabati. Wanawake wenye watoto wadogo walikuwa wakikaa ndani miezi mizima bila kuzungumza na mtu mzima, na baadhi yao walianza kuugua kwa upweke. Ndipo wahandisi walipotengeneza ukuta wa kuunganisha majiko, ili akina mama wapike pamoja huku kila mmoja yuko kwake. Siwema aliishi ghorofa ya kumi na mbili, Bi Havijawa ya ishirini, Nyamizi ya thelathini na tisa. Kwa miaka miwili walikuwa wamepika pamoja kila siku. Hawakuwahi kushikana mikono.

"Ukuta huu umepewa macho na masikio, ukanyimwa pua," Bi Havijawa alipenda kulalamika. "Mtu anapika pilau mbele yangu, nami nanusa sabuni ya kwangu."

Ndani ya ukuta mlikuwa na kitu kingine kilichoitwa kipamba. Kazi yake ilikuwa kuondoa aibu. Nywele zisizochanwa kilizisuka. Doa la mafuta kilifuta. Sauti iliyokauka kwa mafua kililainisha. Zamani wanawake walikataa kuwasha ukuta kabla ya kufagia. Kilipokuja kipamba, waliwasha wakati wowote. Kwenye pembe ya chini palikuwa na picha ndogo iliyomwonyesha mtu namna wenzake wanavyomwona, na kila mtu aliipenda picha yake. Kila mmoja alijua kwamba kipamba kinampamba yeye. Kwamba kinawapamba na wenzake, hilo halikukaa akilini mwa mtu.

"Mama Limi," alisema Bi Havijawa, "sufuria hiyo ni ya harusi ya nani? Mume yuko angani anachimba mwezi, wewe uko na katoto kasikojaza kikombe. Unalisha kijiji?"

Nyamizi alicheka. "Hamna kitu humu, Bibi. Nakoroga maji."

"Maji!" Bi Havijawa alijipiga paja. "Maji yenye rangi ya samli! Mama Tunu, umemsikia? Anaogopa tutamwomba."

"Mimi nakuja na bakuli langu," alisema Siwema.

Wakacheka wote watatu, na Nyamizi alicheka kuliko wenzake.

Siku hiyo Siwema alikuwa amekaanga vitumbua. Alivipanga kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, chenye maua ya manjano, akamkabidhi tarishi avipeleke kwa Nyamizi. Jioni tarishi alirudi. Sahani ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na juu yake hapakuwa na kitu. Kitambaa nacho hakikurudi.

Siwema aliigeuza sahani mikononi. Mambo mengi ya zamani yalikuwa yamesahauliwa katika minara ile, lakini si hili: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa chakula, weka ndimu. Ukikosa ndimu, weka kitunguu. Anayerudisha sahani tupu anakwambia, bila kufungua mdomo, kwamba usimletee tena.

"Labda alisahau," alimwambia Bi Havijawa kesho yake, kabla Nyamizi hajawasha.

"Mtu asahau adabu? Na kitambaa je, nacho kakisahau? Ngoja nimjaribu mimi."

Bi Havijawa alipeleka bakuli la mbaazi za nazi. Bakuli lilirudi na kijikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na chumvi, kiasi cha kuchovea embe moja.

"Chumvi!" Bi Havijawa alikiinua kijikaratasi mbele ya ukuta ili Siwema aone. "Mwanamke anayepika sufuria ile kila siku ya Mungu, mimi ananipa chumvi. Ameniona kidonda?"

"Huenda ana shida, Bibi."

"Shida? Wewe huna macho? Mashavu yale ni ya shida? Mtoto yule ni wa shida? Ana dharau, mwanangu. Mume akiwa angani, mke naye anajiona yuko juu."

Siwema hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Bi Havijawa alitoa amri ya kumfungia Nyamizi, na ukuta, kwa sauti yake ya upole, ukamwuliza Siwema kama naye anakubali. Alitazama sahani yake kabatini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nakubali," na upande wa kushoto saruji ikarudi.

Sahani hazikupanda tena ghorofa ya thelathini na tisa. Wawili hao waliendelea kupika, wakisema habari za magoti, za bei ya nazi, za Tunu aliyekataa kula mboga. Utani wa Bi Havijawa ulikuwa ule ule, ila sasa ulipata kicheko kimoja tu. Kila asubuhi taa ndogo ya buluu iliwaka kwenye saruji ya kushoto, ishara kwamba kuna mtu anaomba kuingia. Siwema aliitazama, akainamia kazi yake. Baadaye aliizoea.

Ikafika asubuhi ambayo taa haikuwaka.

Asubuhi hiyo hiyo mafuta ya moto yalimrukia Siwema usoni. Shavu lilitoka malengelenge na jicho la kushoto likavimba likajifunga. Alipaka dawa, akajifunga bendeji, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumlilia, akagusa ukuta.

"Ehee!" Bi Havijawa alimlaki. "Leo umeoga maziwa? Uso unang'aa kama wa bi harusi."

"Bibi, nimeungua. Mafuta yameniruka, jicho halifunguki."

Bi Havijawa alicheka hadi ungo ukatikisika. "Halifunguki! Na unanikodolea yote mawili. Mama Tunu, utaniua na utani wako."

"Kweli, Bibi. Shavu zima ni malengelenge."

"Haya. Na mimi nimekatika kichwa, ndicho hiki ninachochambulia mchele."

Siwema alitazama picha yake ndogo kwenye pembe. Mle alikuwamo mwanamke mwenye shavu laini na macho mawili, anatabasamu. Aliinua mkono akagusa bendeji. Yule wa pichani akainua mkono, akagusa shavu laini. Maneno ya Nyamizi yakamrudia:

Hamna kitu humu, Bibi. Nakoroga maji.

Mwiko ulimdondoka.

"Bibi, mfungulie Mama Limi."

"Nimfungulie? Ameomba radhi?"

"Mfungulie, nami nimekubali!" Siwema alipiga kelele, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Lifti ilimpandisha kwenye ghorofa ambazo hakuwahi kuzifikia. Ukumbi wa juu ulikuwa mrefu na mtupu, na sakafuni palikuwa na alama za magurudumu ya tarishi, zikiingia mlango huu na ule. Mbele ya mlango wa Nyamizi hapakuwa na alama. Hapo ndipo Siwema alipotambua kwamba amekuja mikono mitupu.

"Hodi," alisema. Neno lilikuwa geni mdomoni mwake. "Hodi, wenyewe!"

Alipiga hodi ya tatu ndipo akasikia mtu akijikokota. Mlango ulifunguka. Aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke aliyekauka, mifupa ya mabega imeinua gauni kama kiango cha nguo. Siwema alidhani ni mama mzazi wa Nyamizi, au bibi yake.

"Shikamoo. Namtafuta Mama Limi."

"Ndiye mimi, Mama Tunu." Mwanamke alimtazama usoni. "Maskini, umeungua. Pole. Umepaka kitu?"

Siwema aliingia. Juu ya jiko palikuwa na ile sufuria kubwa, na ndani yake maji, na mwiko umeegemea ukingoni. Nyumba haikunuka chakula. Haikunuka kitu chochote. Kwenye mkeka alilala mtoto, amenyooshwa vizuri, na usoni amefunikwa kitambaa chenye maua ya manjano.

"Amelala?" Siwema aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Alilala alfajiri. Hakuamka." Nyamizi alikaa chini taratibu kando ya mkeka. "Kitambaa chako sikukirudisha. Kilibaki na harufu ya vitumbua, naye akikinyonya ananyamaza. Nikaogopa kukifua. Unisamehe."

Kisha alieleza, kwa maneno machache, kama mtu anayesema habari za jirani. Chombo cha mumewe kilinyamaza huko angani tangu mvua zilipokatika. Kampuni ilifuta jina lake, na jina lilipofutwa, tarishi wa posho hakupanda tena. Aliita ofisi ya posho kwa njia ya ukuta. Karani aliona sufuria imejaa na mtoto kanenepa, akamwambia aache tamaa, wapo wenye njaa kweli. Maziwa yalimkauka kifuani. Vile vitumbua walikula siku mbili. Mbaazi siku tatu. Chumvi ilikuwa kitu cha mwisho kabatini.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia. Mkacheka." Nyamizi alikilaza vizuri kitambaa. "Nikaona heri mcheke kuliko mnyamaze."

Siwema alisimama na kuugeukia ukuta. Ulikuwa unawaka. Upande wa Bi Havijawa bado ulikuwa saruji, lakini kwenye pembe ya chini picha ndogo ilikuwa hai: Nyamizi mwenye mashavu, na mgongoni Limi, anachungulia begani kwa mama yake. Kipamba kilikuwa kimezoea kumwona na mtoto. Kilipoukuta mgongo mtupu, kiliuhesabu katika aibu za kuondolewa.

Siwema alinyoosha kiganja auzime. Mkono mwepesi kama kijiti ukamshika.

"Usiuzime," alisema Nyamizi. "Mle bado yupo."

Saruji ikafifia, na Bi Havijawa akatokea na ungo wake.

"Ala! Mmekutana jiko moja! Mama Limi, nimekufungulia, ila ile chumvi sijaisahau. Na Limi huyo! Mashavu kama maandazi. Nani kasema nyumba hii ina shida?"

"Bibi, Limi amekufa," alisema Siwema. Alisema huku analia, na akausikia ukuta ukiikamata sauti yake na kuilainisha.

"Astaghafiru! Huo ni utani gani? Mtoto huyo ananipungia mkono!"

"Usitazame, Bibi. Panda juu."

"Na magoti haya?"

"Lifti ipo. Panda, uje kwa miguu yako. Usituamini mpaka umefika."

Bi Havijawa alifumba macho. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Kisha akasema, "Nakuja," na akaondoka mbele ya ukuta.

Walimngoja mlango ukiwa wazi. Siwema alikaa sakafuni, akamlaza Nyamizi mapajani mwake, akashangaa kwamba mtu mzima anaweza kukosa uzito namna hiyo. Baadaye fimbo ilisikika ukumbini, inagonga, inatulia, inagonga tena.

"Hodi," ilisema sauti iliyopasuka, ambayo hawakuijua.

Aliyeingia alikuwa kikongwe mdogo, amepinda mgongo, jicho moja lina utando mweupe. Mkono mmoja ulishika fimbo. Kwapani alikuwa amebana ungo, alisahau kuuweka chini, na mchele ulikuwa ukimwagika nyuma yake tangu lifti. Alisimama kizingitini, akainua pua.

"Jiko hili halijapikiwa," alisema polepole.

Ndipo alipouona mkeka. Fimbo ilianguka. Bi Havijawa alipiga yale magoti yaliyokuwa hayapigiki, akatambaa hadi alipo Nyamizi, akamshika uso kwa mikono miwili na kuupapasa wote, paji, mashavu, kidevu.

Nyuma yao ukuta uliendelea kuwaka. Kwenye pembe ya chini walionekana wanawake watatu wamezunguka sufuria inayotoa mvuke, wanacheka, na mgongoni mwa mmoja wao mtoto alikuwa akinyoosha mkono aonjeshwe.