Kompyuta ya Marehemu Sabiri

Nikisimulia mimi, hata mbwa wa Handeni hutulia. Haya yalimkuta rafiki yangu Awadhi. Chama chao cha kompyuta kilialikwa Korogwe kwenye maonyesho ya kompyuta za zamani. Kwa kupenda sifa, Awadhi akaichukua ya mwenzao marehemu Sabiri kabla arobaini haijasomwa, akajiandikisha kuwa ndiye mwenyewe.

"Shemeji, irudishe," mjane alimwambia. "Mume wangu hakusamehe mtu hata akiwa hai."

"Atanifuata kwa basi gani?"

Ukumbini, mapazia yamefungwa, umeme ukakatika. Katika giza lile vibonye vya kompyuta vikaanza kugonga, ta, ta, ta. Awadhi akapeleka mikono avizuie. Vidole baridi vikavishika vyake, vikaendelea kuchapa navyo.

Umeme uliporudi, kucha zake zote kumi zilijaa udongo mwekundu, mbichi.