Zamu ya Njaa

Saa moja na nusu asubuhi mlango wa Ukumbi wa Pili ulikuwa kazini, ukinusa watu.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Singidani waliupita kwa makundi, wengine wakicheka, wengine wakipiga miayo, na hakuna aliyeinua macho kukitazama kijisanduku cheusi kilichojificha juu ya fremu, kidogo kama kiberiti. Kiliitwa kinusanjaa. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, mwili wake huanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na pumzi yake hupata harufu tamu ya mbali, mfano wa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Pua ya binadamu huweza kuipita harufu hiyo isijue. Kinusanjaa hakikuipita. Kilimjua mwenye njaa katikati ya watu mia, kikamtambua kwa sura, kisha kikapeleka habari jikoni kimyakimya. Ikifika mchana, kigari cha magurudumu sita kilichoitwa kibebasahani kilibisha hodi chumbani kwake na chakula cha moto. Hapakuwa na fomu wala foleni, na jirani hakujua lolote.

Dokta Elipendo Kitundu, aliyekibuni, alisimama kando ya mlango na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Miaka ishirini nyuma yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kupiga pasi ndefu, analala na njaa na kuamka nayo. Siku aliyokwenda ofisini kuomba msaada, karani alimsomea shida zake kwa sauti mbele ya foleni nzima, hadi za nyumbani kwao, na watu wakacheka. Aliapa kwamba akijaliwa elimu atatengeneza kitu cha kumlisha mtu bila kumwaibisha. Alijaliwa, akakitengeneza, na mwaka huu wa 2091 wageni walikuwa wakija kwa treni kutoka nchi jirani kukitazama. Alijivunia kazi yake, na ilikuwa haki yake.

Lakini asubuhi hiyo hata chai haikuteremka. Jana jioni, kabla hajagusa chakula chake, akili unde inayoviongoza vinusanjaa ilimletea onyo. Hosea Gunda, mwaka wa nne, anayesomea mitambo ya upepo, Bweni la Mtinko, chumba cha kumi na nne, alikuwa amepelekewa sahani siku kumi na mbili mfululizo. Tena sahani kubwa, maana kadiri njaa ilivyozidi ndivyo mashine ilivyoongeza chakula. Siku zote kumi na mbili sahani zilirudi tupu, na bado njaa yake ilikuwa ikipanda. Akili unde ilitoa maelezo mawili: kijana ni mgonjwa, au anaihadaa mashine. Zahanati ya chuo ilikuwa imempima sukari, minyoo na kila kinachopimika, ikasema ni mzima, ila amekonda. Likabaki lile la pili.

Kanuni haikuwa na huruma. Anayeihadaa mashine hufutwa kwenye orodha ya chakula na kusimamishwa masomo mwaka mzima. Baraza la nidhamu lingekaa saa nane mchana, na Hosea alibakiza wiki tatu tu amalize chuo. Kilichomkaba Elipendo ni kwamba kanuni ile aliiandika yeye mwenyewe, akiwa na hakika kwamba hatatokea mtu wa kuidanganya pua yake.

Hosea alipita. Kijana mrefu, mashavu yamebonyea, akitembea taratibu kama aliyejitwika ndoo ya maji isiyo na kifuniko. Alimwamkia kwa adabu, naye akaitikia. Kibao cha Elipendo kikawaka palepale: jina la Hosea, na namba ya njaa kubwa ambayo hakuwahi kuiona tangu mitambo ile ifungwe.

Alikwenda jikoni kwa Mama Zaituni. Huyu alikuwa mpishi mkuu, mwanamke mnene wa kijiji cha Mtinko aliyeanza kazi wakati chuo kikipikia kuni, na hadi leo aliyaita masufuria yanayojipika "watoto wangu wavivu". Elipendo akamuuliza kama ameona kitu chochote kuhusu sahani za chumba cha kumi na nne. Mama Zaituni alifuta mikono kwenye kanga, akamtazama kama mtu aliyechelewa sana kuuliza.

"Mtu akila peke yake, Dokta, anamega upande wake," alisema. "Sahani inarudi na ukoko wa mboga ya mlenda upande wa pili. Hiyo ya kumi na nne inarudi imefutwa kuzunguka kote. Ile wanakula wengi."

"Mbona hukusema?"

"Niliandika, mara mbili. Mashine ikanijibu, asante kwa maoni yako."

Vipimo vya Elipendo vilipima uzito wa sahani inapokwenda na inaporudi. Havikuwahi kutazama ilikofutwa.

Saa saba kasoro alikifuata kibebasahani hadi Bweni la Mtinko. Alikwenda nyuma yake, akijisikia mpumbavu kidogo, mtu mzima anayevizia kigari. Kilipanda ngazi kwa kukunja magurudumu, kikasimama mbele ya chumba cha kumi na nne, kikabisha. Mlango ulifunguliwa, na kabla haujafungwa Elipendo akapiga hodi ya mdomo.

Ndani walikuwa vijana watano wamekaa sakafuni kuizunguka sahani moja: ugali wa mtama uliolundikwa, mlenda, na vipande vya kuku. Wanne walikuwa wameshanawa. Hosea alikuwa ameshika jagi. Walipomwona waliganda. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamelelewa, wakasema kwa pamoja, "Karibu chakula, Dokta."

Tumbo la Elipendo lilinguruma. Akasema ahsante, ameshiba.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akawaomba wale tu, wasimjali. Wale wanne walikula kwa haraka na aibu. Hosea alisubiri. Walipobakisha kidogo alimega matonge mawili, akayatafuna polepole, akanyoosha mkono akanawa. Matonge mawili, basi. Elipendo aliyahesabu, na kwa kuwa alikuwa mhandisi, alianza kuelewa.

Aliyeeleza ni Majaliwa, mmoja wa wale wanne, mwenye vidonda vya tumbo, ambaye alizungumza akiutazama ugali. Wote watano walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku, uji au mihogo, pengine maandazi mawili. Mlo mmoja unamwacha mtu na njaa, lakini haumfikishi kwenye ile harufu. Kinusanjaa hakikuwaka mpaka mtu apitishe saa kumi na nane bila kitu. Walipita mlangoni wakitetemeka, mashine ikawahesabu kuwa wameshiba. Basi wakagundua kwamba mmoja akifunga kabisa, mashine inamwona, na akiendelea kufunga inamletea sahani ya kuwatosha watano. Wakawekeana zamu. Mwenye zamu anakula matonge mawili tu, asije akashiba pumzi ikatulia. Siku mbili, kisha anaingia mwingine.

"Ilipofika zamu yangu nilitapika damu," alisema Majaliwa. "Hosea akaichukua. Wenzetu wakawa na majaribio, akachukua na zao. Tukimkatalia anatucheka, anasema yeye ni mtu wa Iramba, na watu wa kwao hawana utumbo wa kuona njaa."

Hosea alitabasamu kidogo. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Elipendo aliuliza kwa nini hawakumwambia mtu. Hosea alifikiri, kwa uangalifu wa mtu ambaye hata kufikiri kunamchosha.

"Tungemwambia nani, Dokta? Mashine inanusa tu. Haiulizi."

Hakukuwa na kejeli ndani yake, na hilo ndilo lililomuuma. Elipendo alitoka pale akishuka ngazi huku machozi yakimjaa. Zile saa kumi na nane alizichagua yeye. Alizichagua jioni moja akihofia kwamba wasio na shida ya kweli watajipenyeza, na akaona ni afadhali mlango uwe mwembamba. Alitaka kuwaepusha na karani, akasahau kwamba karani, pamoja na ubaya wake wote, angalau aliuliza. Ile grafu nzuri aliyowaonyesha wageni, ya njaa inayoshuka chuoni mwezi baada ya mwezi, sehemu yake ilikuwa imekaa sakafuni chumba cha kumi na nne ikila matonge mawili. Na vyumba vingapi vingine, hakuthubutu kukisia.

Barazani alisema yote. Alisimama mbele ya Profesa Mtinangi, mwenyekiti, mtu mkavu aliyependa kanuni kuliko watu, akaeleza zamu ya njaa mwanzo hadi mwisho bila kujisitiri. Hosea alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mikono magotini. Profesa alisikiliza, akauliza kama kijana aliihadaa mashine au hakuihadaa.

"Hakuihadaa, Profesa," alisema Elipendo. "Mashine ilitafuta mtu mwenye njaa, ikampata. Alikuwa na njaa kweli kila siku. Kosa ni la kizingiti, na kizingiti nilikiweka mimi."

Mjumbe mmoja akasema yote sawa, lakini mlango ukipanuliwa chakula hakitatosha, na huo ndio ukweli. Hapo Mama Zaituni, aliyeitwa kama shahidi wa sahani na kukaa pembeni akijipepea kwa kitambaa, aliomba kusema. Akasema chakula kipo. Masufuria yaliwekewa kipimo mwaka ule mashine haijaja, na hakuna aliyeyarekebisha. Watoto wake wavivu wanapika vilevile kila siku, mashine inaita sahani chache, na kinachobaki kinakwenda kwa nguruwe wa shamba la chuo, mapipa manne. Nguruwe wenyewe wamenenepa hadi wanapumua kwa shida.

Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta. Profesa Mtinangi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hatimaye akasema kwamba Hosea Gunda hana kesi ya kujibu, akaoge, akapumzike, na mtihani wake aufanye. Kuhusu chakula, kuanzia jioni hiyo bwalo lifunguliwe kwa yeyote anayekuja, bila kunuswa, bila kuulizwa jina, kwa majaribio ya muhula mmoja. Vinusanjaa vihamie zahanati, vimsaidie daktari. Halafu, kwa sauti ambayo wengi hawakuwahi kuisikia kwake, akaongeza kwamba na yeye enzi zake aliwahi kulala na maji tu tumboni.

Hosea alijaribu kusimama ashukuru, miguu ikakataa, akakaa tena. Mama Zaituni alikuwa ameshafika. Alimpa uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akamsimamia hadi kikombe cha pili kama anayemsimamia mtoto na dawa ya kifua, akimkataza asiugugumie. Elipendo, alipoliona lile koo likipanda na kushuka, alihisi kitu kizito kikimtoka mabegani, akalia wazi mbele ya baraza, na hakuona haya.

Saa kumi na moja jioni bwalo lilikuwa limejaa. Mama Zaituni alikataa sahani za mtu mmoja mmoja. Akapakua kwenye masinia, watano kila sinia, na mvuke ukajaa madirishani. Wa chumba cha kumi na nne walikaa karibu na mlango. Majaliwa ndiye aliyeshika jagi leo, akamnawisha Hosea kwanza, na wote wanne wakaweka mikono magotini wakingoja aanze yeye. Hosea aliwaambia waache upuuzi. Hawakuacha. Akamega tonge, kubwa, akalichovya, akala, na ndipo mikono minne ikaingia.

Elipendo alifika na bisibisi kuja kukifungua kinusanjaa cha mlango wa bwalo. Alipanda kwenye kiti, akainua uso, akashusha pumzi ya uchovu. Kijisanduku kikawaka.

Alikitazama bila kuelewa. Nyuma ya bwalo kibebasahani kimoja, ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima, kiliamka. Kilikatiza katikati ya masinia, kikizungukia miguu ya watu, hadi mbele ya kiti chake, kikafunua mfuniko. Sahani ilikuwa imejaa pomoni, ugali, mlenda na paja zima la kuku. Bwalo zima likanyamaza likamwangalia, na Elipendo, bisibisi mkononi, akajiona amesimama tena mbele ya ile foleni ya zamani, shida zake zikisomwa.

"Dokta," alisema Majaliwa, mdomo umejaa, "mchana si ulituambia umeshiba?"

Kicheko kilianzia kwenye sinia lao kikaenda hadi jikoni, na hakikuwa kile alichokuwa akikikimbia miaka ishirini. Elipendo naye alicheka mpaka akalazimika kushika fremu ya mlango.

"Niliwadanganya," alisema. "Sijala tangu jana mchana."

Alishuka kitini, akaibeba sahani yake, akaimimina yote juu ya sinia la chumba cha kumi na nne. Hosea akasogea, akamwachia nafasi, na Elipendo akanyoosha mikono anawishwe.